Shajara ya mradi: kusoma Aeneid kwa sauti, na safari ya kuchagua tafsiri

11 Januari. Tumeanza

Imeamuliwa. Mwaka huu ni Aeneid, shairi refu la Mrumi Virgil kuhusu Aeneas anayeikimbia Troya iliyoanguka na kwenda kutafuta makao Italia, yote: vitabu 12, mistari 9,896 ya Kilatini, tangu dhoruba ya mungu wa kike Juno mpaka upanga unapomwingia adui yake Turnus kifuani. Hakuna kuruka, hakuna muhtasari. (Kwenye Kitabu cha Tatu naona kabisa kwamba tutasalitiana, lakini tutafika na tutaona.)

Tunakutana Jumamosi moja ndiyo, moja siyo, jioni, kibarazani kwa Mwalimu hapa Dar. Mwalimu amestaafu, historia ndiyo iliyomlisha. Frateri hakufika kwenye upadri ila Kilatini cha seminari hakijamtoka hadi leo. Yupo Daktari, dada wa benki, kaka wa Kigoma, mwenzetu wa Muscat anayeingia kwa simu, na mimi ninayeshika kalamu.

Kabla ya kusoma kuna kazi: tafsiri. Anayejua Kilatini ni Frateri peke yake. Wengine tutasoma kwa Kiingereza na kubishana kwa Kiswahili, na kwa baadhi yetu Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya Kiha au Kichaga cha nyumbani na Kiswahili cha kila mahali. Kwa hiyo sifa za wahakiki wa London na New York hazitusaidii sana. Wao wanatafuta Kiingereza kizuri. Sisi tunatafuta tafsiri ambayo mtu akiisikia mara moja, bodaboda zikipita nje ya uzio, anabaki na kisa mkononi.

Frateri katufungulia kwa mistari saba ya kwanza. Irabu za Kilatini ni hizi hizi zetu, kwa hiyo baada ya dakika chache kila mtu alikuwa anasema Arma virumque cano bila kuona haya. Yeye anatamka kama kanisani. Wasomi wa vyuo vikuu siku hizi wanaisoma ile v kama w. Tumekubali ya kanisani, maana ndiyo tuliyonayo.

25 Januari. Mezani

Kila mtu kaleta tafsiri aliyonayo.

Dryden, wa mwaka 1697, anapatikana bure intaneti. Vina viwili viwili mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alisoma kurasa mbili kwa sauti ya mimbari, tukapiga makofi, halafu dada wa benki akauliza: “Sasa nani kamfanya nani nini?” Hakuna aliyejibu.

Robert Fitzgerald, 1983, kopi chakavu ya mtumba kutoka kwa wauza vitabu wa Posta. Lugha tulivu, ya heshima zake. Robert Fagles, 2006, ndiye kipenzi cha Mwalimu: anasomeka vizuri kwa sauti, ana pumzi ndefu. Stanley Lombardo, 2005, anakimbia, mistari mifupi, na jalada lake limewekwa picha ya ule ukuta wa majina wa Washington, wa askari waliokufa Vietnam, kwa hiyo kabla hujafungua kitabu umeshaambiwa unasoma shairi la nini. Sarah Ruden, 2008, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuchapisha Aeneid nzima kwa Kiingereza. Shadi Bartsch wa Chuo Kikuu cha Chicago, 2020. Na David West, 1990, ambaye hakujisumbua na mashairi: nathari tupu.

Kabla hata ya ladha, tumegonga jambo la kikazi ambalo hakuna aliyelifikiria. Fitzgerald na Fagles wanatumia mistari mingi kuliko Virgil, kwa hiyo namba zao za mistari si za Kilatini. Frateri akisema “twende Kitabu cha Pili, mstari wa 200”, mwenye Fagles yuko kwingine, mwenye Fitzgerald yuko kwingine, na mtu wa Muscat kwenye simu amepotea kabisa. Ruden anakwenda mstari kwa mstari na Kilatini. Bartsch naye anajibana hivyo hivyo. Kwa kikundi chenye vitabu mchanganyiko hili si jambo dogo, linaokoa robo saa ya kila kikao.

8 Februari. Jaribio la nyoka

Tumetunga kipimo chetu. Msomaji anasoma kifungu kwa sauti mara moja. Kitabu kinafungwa. Mwingine, ambaye hakuwa na maandishi mbele yake, anasimulia kwa Kiswahili alichosikia. Frateri ameshika Kilatini na kalamu, anaandika kilichodondoka njiani.

Kifungu ni kifo cha Laocoon, Kitabu cha Pili, mstari wa 199 hadi 227. Kuhani anachinja fahali ufukweni. Nyoka wawili wanakuja kutoka upande wa kisiwa cha Tenedos, vifua juu ya maji, macho yamejaa damu na moto. Wanawakamata watoto wake wawili kwanza. Baba anakuja na silaha kuwaokoa, wanamviringisha kiunoni mara mbili na shingoni mara mbili. Anapiga ukelele kama fahali aliyejeruhiwa akaponyoka madhabahuni na kulikung’uta shoka lililomkosa shingoni. Kisha nyoka wanateleza hadi hekalu la Minerva, wanajificha miguuni pa sanamu, chini ya mviringo wa ngao.

Kwa Dryden, msimulizi alirudi na nyoka tu. Kwa Fagles alirudi na nyoka wakubwa sana. Lombardo alitoa mpangilio safi, watoto kabla ya baba, lakini ule mwisho wa ngao uliponyoka. Na mwisho huo ndio wenye kazi: watu wa Troya wanaona nyoka wamepokelewa na mungu wa kike, wanahitimisha kwamba Laocoon kaadhibiwa kwa kumchoma mkuki farasi wa mbao aliyeachwa na Wagiriki, wenye askari wao tumboni mwake, na ndiyo sababu wanabomoa ukuta wao wenyewe kumwingiza. Ukiidondosha ngao, watu wa Troya wanabaki wajinga tu. Ukiibakiza, ni watu waliosoma ishara kwa akili zao timamu wakaangamia.

Kwa Ruden na kwa Bartsch ngao ilifika. Mwalimu alidai kwamba aliyesimulia Fagles alikuwa na njaa. Tulirudia baada ya chai. Ngao haikufika tena.

22 Februari. Uamuzi

Wamebaki wawili. Frateri anamtaka Ruden: anasema ana mapigo, na habwabwaji. Ni kweli. Nusura tupite naye.

Kilichogeuza kura ni mstari wa pili wa shairi lenyewe. Virgil anamwita shujaa wake fato profugus, aliyekimbia kwa majaliwa. Fagles anamfanya mhamishwa. Bartsch anasema mkimbizi, waziwazi, kwa neno lile lile la magari ya misaada. Kaka wa Kigoma, ambaye amekulia karibu na kambi na kusoma darasa moja na watoto waliozaliwa Nyarugusu, akaomba tusogee mbele kwenye Kitabu cha Kwanza, pale Ilioneus anaposimama mbele ya malkia Dido na kulalamika: meli zetu zimevunjika, na watu wako wanatuzuia hata kukanyaga mchanga wa pwani, ni watu gani hawa? Na jibu la Dido, analompa Aeneas mwenyewe baadaye, mstari wa 630: mimi mwenyewe si mgeni wa mabaya, nimejifunza kuwasaidia walioumia.

“Haya maombi nayajua,” alisema kaka. “Ila jibu kama hilo huwa ni la nadra.”

Basi: Bartsch wa kusoma kwa sauti. West wa kuamulia ugomvi, maana nathari yake haina pa kujificha. Kilatini cha Frateri ndicho mahakama ya rufaa. Fagles abaki kwa Mwalimu, atatusomea pale tunapotaka kusisimka.

22 Machi. Kitabu cha Pili

Ramadhani, kwa hiyo kikao ni baada ya futari, na mahudhurio ni mazuri kuliko kawaida. Nashuku ni kaimati.

Troya imeanguka kwa vikao viwili. Priam mzee anavaa silaha ambazo mwili wake umeshazisahau, anarusha mkuki usiotoboa kitu, anachinjwa madhabahuni akiteleza kwenye damu ya mwanawe. Tulisoma bila kukatizana, jambo ambalo kwetu ni la ajabu.

Ugomvi umekuja kwenye kukimbia. Aeneas anambeba baba mabegani, mtoto kamshika mkono wa kulia, na mke, Creusa, anaambiwa aje nyuma. Wanafika kwenye kilima cha Ceres nje ya mji, anahesabu watu, mke hayupo. Hakugeuka hata mara moja njiani; anasema mwenyewe.

Dada wa benki: “Baba mabegani sawa. Mtoto mkononi sawa. Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi gani?” Frateri alijaribu kueleza habari za pietas, wajibu kwa miungu, wazazi na taifa. Dada akamwambia kwamba ndiyo hiyo hiyo anayoisema yeye: kwenye orodha hiyo mke hayumo.

5 Aprili. Kitabu cha Tatu

Mistari 718 ya kutafuta pa kutia nanga. Harpies, ndege wenye nyuso za wanawake, wanachafua chakula, Cyclops, jitu la jicho moja, anapiga kelele, baba anafariki Drepanum. Tumekisoma. Mwenzetu wa Muscat alilala, tulisikia.

19 Aprili. Kitabu cha Nne, sehemu ya kwanza

Frateri hayupo, yuko kwenye mkesha wa Pasaka, kwa hiyo leo hatuna mahakama ya rufaa.

Karthago ilikuwa pale ilipo Tunis ya leo, pembeni tu, na Dido kaja hapo kutoka Tiro, Lebanoni, baada ya kaka yake kumuua mumewe. Naye mkimbizi. Ila yeye hakuomba mchanga, alinunua ardhi kiasi cha kuzungukwa na ngozi ya fahali, na kwa ujanja wake akapata ya kutosha kujengea mji.

Tulikaa muda mrefu kwenye mstari wa 68 hadi 73: Dido anazunguka mjini kama paa jike aliyepigwa mshale kwenye misitu ya Krete na mchungaji aliyekuwa anawinda kwa mbali. Mchungaji hajui kwamba kampata. Paa anakimbia huku na huku, na mshale umenata ubavuni. Daktari akatuambia kwamba jeraha la namna hiyo, mshale ukiwa bado ndani, laweza kuchelewesha kifo. Ukichomolewa damu inafunguka. Tangu hapo hatukuweza kuusoma Upendo wa Kitabu cha Nne kama upendo wa kadi.

3 Mei. Kitabu cha Nne, kuondoka

Aeneas anajitetea, na utetezi wake unaishia katikati ya mstari, wa 361: Italiam non sponte sequor, Italia siifuati kwa hiari yangu. Mstari umekatika hapo. Nusu yake haipo.

Daktari alimtetea: ameamriwa na Jupita, afanyeje? Mwenzetu wa Muscat akajibu kwenye simu: “Mwanamume akishaanza kusema siondoki kwa hiari yangu, ujue nanga imeshang’olewa.” Na ni kweli, mabaharia wake walikuwa wameshaanza kutayarisha meli kwa siri kabla hajamwambia.

Laana ya Dido kabla ya kujichoma upanga ndiyo kifungu cha kwanza ambacho tulimwomba Frateri akisome chote kwa Kilatini. Exoriare aliquis nostris ex ossibus ultor: atoke mlipiza kisasi katika mifupa yangu. Msomaji wa Roma hakuhitaji kutajiwa jina. Hannibal, jemadari wa Karthago, alikuwa ameshavuka Alpi kuivamia Italia mwaka 218 KK.

17 Mei. Kitabu cha Tano

Michezo ya kumbukumbu ya baba. Mbio za mashua zimetuburudisha kuliko tulivyotarajia; zina kelele zote za mashindano ya ngalawa, pamoja na nahodha anayemtukana mshika usukani. Gyas anamtupa wake baharini kwa sababu ameogopa kubana mwamba, na mzee huyo, Menoetes, anapanda jiwe akilowa chapachapa, anatapika maji ya chumvi, na watu wote wanacheka. Virgil akicheka ni mara chache, basi tulimpa haki yake.

31 Mei. Kitabu cha Sita

Kwa kikao hiki tulimweka Bartsch kando tukasoma Seamus Heaney, aliyetafsiri kitabu hiki kimoja tu. Alifariki 2013, tafsiri ikatoka 2016. Heaney anajua kuomboleza, na Kitabu cha Sita ni mtoto anayekwenda kuzimu kumwona baba. Mara tatu anajaribu kumkumbatia, mara tatu kivuli kinamponyoka mikononi. Mistari hiyo hiyo, neno kwa neno, tuliisoma kwenye Kitabu cha Pili kwa Creusa. Dada wa benki aligundua kabla ya Frateri.

Kisha Anchises, yule baba, anamwonyesha roho za Warumi watakaozaliwa. Inasimuliwa kwamba Virgil alipomsomea Augusto, mfalme wa Roma, sehemu hii na kufika kwenye jina la Marcellus, mpwa wa mfalme aliyefariki kijana mwaka 23 KK, Octavia mama yake alizimia. Mara tu baada ya kutuambia hayo Frateri akasoma: Tu Marcellus eris. Kibaraza kikanyamaza.

Mwalimu hakunyamazishwa na Marcellus, alikuwa amebaki nyuma kwenye mstari wa 851. Wewe Mrumi, kumbuka kuyatawala mataifa. Waliotawaliwa wahurumiwe, wenye kiburi wavunjwe kwa vita. Amefundisha Maji Maji miaka yote, na alitaka iandikwe kwenye shajara kwamba kila mtawala aliyepita hapa alijiona yuko kwenye mstari huo, na kwamba nusu ya pili ya mstari hutekelezwa mapema kuliko ya kwanza. Imeandikwa.

Juni hadi Agosti. Vitabu vya 7 hadi 11

Nitakuwa mkweli: nusu ya pili ina vita vingi na majina mengi. Bartsch, ambaye ubanaji wake ulitufaa kwenye mapenzi na kuzimu, kwenye mapigano alituchosha. Mtu anakufa kabla hujajua ni wa upande gani. Kitabu cha Kumi tulikikabidhi kwa Lombardo, na mambo yakaenda. Sidhani kuna aibu kubadili farasi.

Tulichobaki nacho: mama yake Euryalus, Kitabu cha Tisa, anafuma, habari ya kifo cha mwanawe inafika, chombo cha kufumia kinamtoka mikononi. Na ngao ya Kitabu cha Nane, yenye vita vya Actium, ambavyo Augusto alikuja kushinda karne nyingi baadaye, vimechongwa katikati. Aeneas anaibeba begani akifurahia picha za mambo asiyoyajua. Mwalimu alimleta Fagles hapo. Alistahili.

6 Septemba. Tumejaribu wenyewe

Dada wa benki alichoka kusikia tukiwahukumu watafsiri, akataka tutoe ubeti wetu. Tukachukua utenzi: vipande vinne, mizani nane nane, vitatu kina kimoja, cha nne kina cha kubaki. Kikao kizima kwa ubeti mmoja:

Naimba mtu na vita,
Troya alipoiwata,
majaliwa yamvuta
Italia ufuoni.

Frateri amekataa kutia sahihi. Virgil kaanza na silaha, mtu akafuata, nasi tumegeuza kwa sababu tulihitaji kina cha -ta. Mwalimu akasema hicho ndicho Dryden alichopitia kwa maelfu ya mistari, na tulimcheka. Ubeti umepita kwa kura, kwa masharti. Mimi nimeupenda, hasa kuwata (kuacha), neno ambalo bibi mmoja wa Lamu asingelihitaji kuelezwa.

20 Septemba. Shairi lisilomalizika

Kesho ni tarehe aliyofariki Virgil: 21 Septemba, mwaka 19 KK, Brundisium, homa aliyoipata Ugiriki. Aliomba Aeneid ichomwe. Augusto akakataa, rafiki zake Varius na Tucca wakaitoa. Ndiyo sababu ya ile mistari nusu nusu, zaidi ya hamsini, ambayo wao hawakuijaza. Daktari anaona Augusto alivunja wosia. Frateri anauliza bila hivyo tungekuwa tunasoma nini.

18 Oktoba. Kitabu cha Kumi na Mbili

Mistari 952, ndicho kirefu kuliko vyote. Tulikigawa na leo tumekimaliza, kwa Bartsch.

Turnus yuko chini, paja limetobolewa. Ameinua mkono, anaomba: umeshinda, Lavinia, binti mfalme tuliyemgombania, ni wako, chuki isiende mbali zaidi, nirudishe kwa baba yangu mzee, hata kama maiti. Aeneas anasita. Maneno yanaanza kumwingia. Ndipo anauona mkanda wa Pallas, kijana aliyekuwa chini ya ulinzi wake na kuuawa na Turnus, umening’inia begani kwa Turnus. Anamchoma upanga. Roho inakimbilia vivulini ikilalama. Mwisho. Hakuna mazishi, hakuna amani.

Mwalimu aliufungua mstari wa 853 wa Kitabu cha Sita na kuusoma tena: waliotawaliwa wahurumiwe. Huyu alikuwa amepiga goti. Kaka wa Kigoma hakukubaliana. Anasema aliyevaa mkanda wa mtoto wa mtu vitani hana haki ya kutaja wazazi. Daktari, aliyemtetea Aeneas mwaka mzima, leo alimwacha. West aliletwa kuamua, hakuamua. Kilatini nacho kikasema kile kile. Giza liliingia tukiwa bado tunabishana, na mwenzetu wa Muscat akamaliza salio.

Dada wa benki alikuwa na swali moja tu: harusi iko wapi? Mistari karibu elfu kumi kwa ajili ya Lavinia, na Lavinia hajasema neno. Frateri akafichua kwamba yupo Mwitaliano, Maffeo Vegio, ambaye mwaka 1428 alikereka hivyo hivyo, akaandika kwa Kilatini Kitabu cha Kumi na Tatu, chenye mazishi ya Turnus na harusi kamili. Tumepiga kura, kitasomwa tarehe 1 Novemba. Mwalimu anakiita kughushi, na ametangaza kwamba atakuwepo kwa sababu kibaraza ni chake, lakini hatasikiliza.